Kamera imezima ghafla: pa kuanzia kabla hujaipeleka kwa fundi

Jumamosi moja Tanga, bi harusi amesimama mlangoni mwa ukumbi, ngoma imeshaanza, mimi nimeinua kamera na kubonyeza. Kimya. Skrini nyeusi, hakuna hata taa moja. Nikabadilisha betri, kimya. Nikaweka ya tatu, kimya vilevile. Shangazi wa bi harusi akanigeukia: "Mwanangu, tuingie au tusubiri?" Nikamwambia, "Ingieni tu, shangazi," huku natoa kamera ya akiba begini. Usiku nyumbani ndipo nilipoona kilichoniumbua: kijino cha plastiki kwenye mlango wa betri, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kimevunjika. Kamera haikuwa na ubaya wowote. Ilidhani mlango uko wazi.

Toka siku ile sianzi na bisibisi. Naanza nje, na vitu vya bei rahisi, halafu naingia ndani taratibu: betri, milango, kadi, lenzi, na mwisho kabisa mwili wenyewe. Nyingi ya kamera nilizoletewa zikiitwa "maiti" zilikuwa zinaumwa nje.

Na hata kabla ya hapo, jiulize ilizimaje. Ilizima katikati ya kupiga mfululizo, au ulipoiwasha asubuhi? Ilianguka? Ilikaa kabatini tangu masika? Ulikuwa umetoka kubadilisha lenzi, au umeazima kadi ya mtu? Sauti ya mwisho uliyosikia ilikuwa ipi: mlio wa kawaida, mkwaruzo, au "klak" moja halafu basi? Fundi mzuri atakuuliza hayo hayo, kwa hiyo yaandike kwenye simu ungali unayakumbuka.

Haiwaki kabisa

Toa betri, iache nje dakika kumi, irudishe. Unaweza kuona ni ushirikina, lakini kamera ya dijitali ni kompyuta ndogo, na kompyuta hukwama. Ukitoa betri na kuipa muda, umeme uliobaki ndani unaisha na programu yake inaanza upya. Kama ina kibetri kidogo cha saa, mithili ya sarafu (baadhi ya kamera za zamani za Canon hutumia CR1616 au CR2016), kitoe nacho. Utapoteza tarehe na saa, si picha.

Ikikataa, ishughulikie betri yenyewe. Taa ya kijani kwenye chaja siyo ushahidi wa kutosha. Betri iliyochoka hujaa haraka, ikakuonyesha kijani, kisha ikaanguka kamera inapotaka umeme mwingi kwa mara moja, yaani pale kioo cha ndani (kile kinachokupelekea picha kwenye kitundu cha kuchungulia) kinapoinuka au lenzi inapotafuta fokasi. Dalili yake naijua sana: kamera inawaka, inaonyesha betri imejaa, unabonyeza, inazima. Ukiwa na mita ya umeme, pima kati ya alama ya kujumlisha na ya kutoa. Betri nyingi za kamera hizi zimeandikwa volti 7.2 au 7.4, na zikijaa zinafika karibu 8.4. Ukikuta chini ya 6, au hakuna kitu, usiilaumu kamera. Na betri iliyovimba hata kidogo usiilazimishe kuingia. Ikishanasa ndani, kuitoa ni kazi ya kuvunja.

Betri bandia nazo zina hesabu yake. Utaona imeandikwa uwezo mkubwa kuliko ile iliyokuja na kamera, kwa umbo lile lile na bei robo. Hesabu hiyo haiwezekani. Sisemi usinunue betri isiyo ya kampuni yenyewe, maana zipo nzuri na mimi ninazo mbili. Ninachosema ni kwamba kamera ikizima ghafla, betri ya kwanza kushukiwa ni hiyo, na kipimo ni kuazima betri halisi kwa mwenzako mwenye kamera kama yako.

Kisha pini. Angalia ndani ya tundu la betri kwa tochi ya simu. Vile vijiti vya rangi ya dhahabu vinapaswa kuwa sawasawa na viking'aa. Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, hewa ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu unaona uchafu wa kijani au mweupe. Kwenye betri yenyewe unaweza kusugua taratibu kwa kitambaa kilicholoa spiriti kidogo. Ndani ya kamera tumia pamba ya masikio yenye spiriti chache mno, betri ikiwa nje, na usiwashe mpaka pakauke. Usiingize pini ya nguo wala kisu.

Halafu milango. Kwenye kamera nyingi mlango wa betri unabonyeza kiswichi kidogo, na kiswichi hicho kisipobonyezwa kamera haiwaki. Canon nyingi hugoma pia mlango wa kadi ukiwa wazi. Acha mlango wazi, weka betri, kitafute kile kiswichi, kibonyeze kwa ncha ya kijiti cha mbao huku ukiwasha kamera. Ikiwaka, umeshapata jibu na hujatumia hata senti. Mimi ile ya Tanga niliibana kwa kipande cha kadi ya simu kilichokunjwa na gundi ya karatasi, ikafanya kazi miezi minne mpaka mlango mpya ulipopatikana.

Yote hayo yakishindikana, betri ni nzima, mlango mzima, pini safi, hapo unazungumzia fyuzi, swichi ya kuwashia au bodi. Hizo si za mezani kwako.

Inawaka lakini haitaki kupiga

Hapa ndipo watu wanapolipa fundi kwa kazi ya sekunde moja, kwa hiyo soma polepole.

Kadi ya SD ina kijiti cha kufungia pembeni. Kikishuka, kamera inasema kadi imefungwa. Kijiti kikilegea, kinashuka chenyewe unapoisukuma kadi ndani, kwa hiyo unaapa kuwa ulikipandisha na kweli ulikipandisha. Kipande cha selotepu kinakishikilia mpaka utakapohamisha picha. Halafu kadi hiyo itupe.

Umri wa kamera na ukubwa wa kadi lazima vielewane. Kadi za SDHC, zinazoishia GB 32, zilikuja mwaka 2006. Za SDXC, zaidi ya hapo, zilikuja 2009. Kamera ya zamani ukiipa kadi ya GB 64 inaweza kugoma kuisoma kabisa, hata kama kadi ni mpya na halali. Mtu ananunua kadi kubwa, anaiweka kwenye kamera aliyorithi kwa kaka yake, inagoma, anasema kamera imekufa. Mrudishie kadi ya GB 8 uone.

Kama skrini ya Nikon inapepesa "CHA", kadi ina matatizo. Ikiandika "For", kadi inataka kufomatiwa, yaani kufutwa na kuandaliwa upya. Usikubali haraka kama ndani kuna picha za watu. Toa kadi, usipige hata picha moja juu yake, ipeleke kwenye kompyuta. Programu ya bure ya PhotoRec imeniokolea sherehe mbili nzima, ingawa inarudisha picha bila majina yake ya awali na utakaa usiku kucha kuzipanga. Ukiendelea kupiga juu ya kadi hiyo, unaandika juu ya picha za zamani, na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Fokasi nayo inazuia. Kamera ikiwa kwenye fokasi ya kujiendesha na lenzi haijashika kitu, kwa mipangilio ya kawaida haifyatuki. Ukumbi wa giza, gauni jeupe tupu mbele yako, au umesogea karibu mno, inatafuta, inatafuta, imegoma. Sogeza swichi ya lenzi kutoka AF (fokasi ya kujiendesha) kwenda MF (ya mkono), bonyeza. Ikifyatuka, kamera ni nzima. Wenye Nikon za familia ya D3000 na D5000 waliouziwa lenzi ya 50mm f/1.8D wasihangaike kabisa: kamera hizo hazina mota ya kuizungusha lenzi hiyo, fokasi ni ya mkono tu. Lenzi hiyo hiyo ina pete ya apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Isipowekwa kwenye tundu dogo kabisa, yaani namba 22, na kufungwa hapo, kamera inapepesa "fEE" na haipigi. Nimewahi kuona mtu ameibadilisha lenzi nzima dukani kwa sababu ya pete hiyo.

Kwa kamera zisizo na kioo (mirrorless), kama umefunga lenzi ya zamani kwa adapta, kamera haioni lenzi yoyote na inakataa. Kwenye menyu kuna kipengele cha kuruhusu kupiga bila lenzi. Kiwashe.

Inaandika Err

Ujumbe wa kosa ni neema, maana kamera imekuambia pa kutazama. Kwenye Canon, Err 01 ni mazungumzo kati ya kamera na lenzi, Err 02 ni kadi, Err 04 kadi imejaa, Err 05 flashi ya juu imezuiwa kuinuka. Err 20 na 30 mara nyingi ni shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) au kioo. Kamera za zamani zilikuwa na Err 99, ambayo ilimaanisha "kuna kitu", basi. Kwenye Nikon, "Err" peke yake inapepesa; bonyeza kitufe cha kupigia mara moja, mara nyingine inajirekebisha. Ikirudi, kuna kilichokwama ndani.

Err 01 nataka niikalie, kwa sababu ndiyo iliyonipa wateja wengi na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Wengi wanaambiwa "safisha pini za lenzi". Sawa, zisafishe: kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, tone la spiriti, kwenye lenzi na kwenye kamera. Ikipona, ulikuwa uchafu. Isipopona, fanya jaribio hili. Weka kamera kwenye Av, pale unapochagua apacha mwenyewe, fungua apacha yote, mfano f/4 au f/3.5, piga. Kisha peleka f/8, piga. Kama inapiga vizuri ikiwa wazi na inatoa Err 01 ukishafunga apacha, kamera haina kosa. Ndani ya lenzi kuna kebo bapa, nyembamba kama utepe, inayokwenda kwenye visu vya apacha. Kila unapozuumu inakunjwa na kukunjuliwa, mwisho inakatika. Canon EF-S 17-85mm inasifika kwa ugonjwa huu, na EF 24-105mm f/4L nayo huupata. Kebo inauzwa na fundi wa lenzi anaibadilisha. Huku mtu akiwa kwenye haraka, anaweza kumaliza sherehe kwa kupiga apacha ikiwa wazi tupu. Nimefanya hivyo, na hakuna mteja aliyejua.

Ukiwa na lenzi ya pili jibu linakuja kwa sekunde: ikipiga na lenzi nyingine, shida ni lenzi, isipopiga, ni mwili. Ndiyo maana nasema azima kabla hujalipa.

Lenzi imetoka nje, hairudi

Hii ni ya vikamera vidogo vya mfukoni, na adui ni mchanga. Umekaa ufukweni Paje au Diani, kamera iko mfukoni mwa kaptura, chembe moja inaingia kati ya mirija ya lenzi. Unawasha, inalia "grrr", skrini inaandika kosa la lenzi, inazima ikiwa imetoa ulimi.

Usiisukume kwa kidole. Meno ya gia zake ni ya plastiki. Igeuze lenzi itazame chini, pulizia pembezoni kwa kile kipuliza cha mpira (siyo mdomo, mate ni maji), washa na uzime mara kadhaa ikiwa bado inatazama chini. Kama ilianguka na mrija mmoja umekaa upande, unaweza kuubonyeza polepole mpaka ukalie njia yake. Kuna siku inafanya kazi na kuna siku unamaliza kuivunja. Kwa kamera ambayo fundi wake ni ghali kuliko yenyewe, jaribu.

Picha nyeusi, au nusu nyeusi

Kofia ya lenzi. Samahani, lakini imewahi kutokea.

Baada ya hapo, kama unatumia flashi na sehemu ya picha ina kivuli cheusi kilichonyooka, angalia kasi ya shata. Kamera nyingi mwisho wake na flashi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukipita hapo, pazia moja la shata linakuwa limeshaanza kufunga flashi inapowaka. Kamera ni nzima, shusha kasi tu.

Bila flashi, piga ukuta mweupe kwa 1/60 kisha 1/1000. Ikitoka nusu nyeusi au yenye ukanda wa ajabu, shata inakwama. Toa lenzi utazame (kwa kamera yenye kioo, kioo kikiwa kimeinuliwa): visu vya shata vinapaswa kulala sambamba, kimoja kikipinda au kutoka nje ya safu, imekwisha. Usikiguse. Watengenezaji husema shata imejaribiwa kwa mipigo mingapi, mfano 150,000 kwa Canon 5D Mark III na 200,000 kwa Nikon D850. Mpiga picha wa harusi anafika huko bila kujua, na hasa aliyenunua kamera iliyokwisha tumika bila kuuliza hesabu ya mipigo. Kioo nacho hubanduka: Canon EOS 5D ya kwanza, ya mwaka 2005, ilikuwa na kioo kinachoachia gundi, na kampuni ikairekebisha bure.

Picha za rangi ya zambarau, mistari, au giza tupu kwenye kikamera cha zamani ni habari nyingine. Siku hizi vijana wanavitafuta vikamera vya 2003 kwa ajili ya ile sura ya picha za zamani, na wauzaji wanavifukua kabatini. Oktoba 2005 Sony na kampuni kadhaa zilizotumia sensa zake (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) zilitangaza kuwa sensa za baadhi ya kamera hufa zikikaa kwenye joto na unyevu. Canon PowerShot A70 imo. Joto na unyevu: yaani hapa kwetu. Ukiuziwa kimoja, washa, piga picha tano, zitazame hapo hapo kabla hela haijatoka mfukoni.

Imelowa

Kama ni maji ya mvua, zima, toa betri, toa kadi, toa lenzi, futa, iache mahali penye feni kwa siku mbili. Usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Kuwasha ndiko kunakoua, siyo maji.

Kama ni maji ya bahari, haya ya kukausha hayatoshi. Maji yanaondoka, chumvi inabaki juu ya bodi, na inaendelea kula shaba kimyakimya. Toa betri, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha. Mchele hauna kazi hapa. Unakupa vumbi la wanga ndani ya tundu la kadi.

Umande unasahaulika. Umekaa saa tatu ukumbini kwenye kiyoyozi, kamera imekuwa baridi kama chupa ya soda, mnatoka bustanini kupiga picha za familia, joto la Dar linakupiga usoni. Lenzi inaingia ukungu nje na wakati mwingine ndani, kamera inaanza vituko. Kabla ya kutoka, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana, toka nayo, subiri ipate joto, kisha ifungue. Umande utakaa juu ya mfuko.

Ukiamua ni kwa fundi

Kwanza jihadhari na kufungua mwenyewe kamera yenye flashi ndani. Kapasita yake inashika karibu volti 300 na inaweza kuzishika hata betri ikiwa nje. Imenirusha mara moja na mkono ulikufa ganzi mpaka jioni.

Fundi wa simu si fundi wa kamera, hata kama ni mkarimu na yuko karibu. Muulize amewahi kufungua kamera ya aina yako, na atakurudishia kifaa kilichoharibika au la. Mwambie majaribio uliyoshafanya: "Nimejaribu betri mbili halisi, mlango mzima, lenzi mbili, kadi mbili, Err 30 inabaki." Mteja anayesema hivyo haambiwi kwamba bodi imeungua. Toa kadi yako kabla ya kumwachia, andika namba ya mwili wa kamera iliyo chini, ipige picha ikiwa mbele yake.

Kuhusu pesa, mizani yangu ni rahisi. Shata mpya kwenye kamera ya kazi, ile ya daraja la juu, nailipia. Kwenye kamera ya kuanzia, gharama ya shata na kazi ikikaribia nusu ya bei ya nyingine kama hiyo iliyokwisha tumika, naiuza kama spea: betri, chaja, mlango, skrini, vyote vina mnunuzi. Mlango ninaotumia sasa kwenye ile kamera ya Tanga ulitoka kwenye moja ya hizo.